Lulu za Mtoni, Pembe za Ujiji

Mgeni anayefika Ujiji leo hupelekwa kwanza kwenye makumbusho ya Livingstone, chini ya miembe, akaonyeshwa mahali Stanley alipomkuta yule mzee tarehe 10 Novemba 1871. Husimuliwa ile salamu maarufu, hupiga picha mbili tatu, kisha hurudi Kigoma mjini. Habari za wazungu wawili waliovuliana kofia zimeufunika mji huu hata ni wachache wanaouliza swali la kawaida kabisa la mji wa biashara: mali iliyopita hapa ilikwenda kwa nani, na huko ilikokwenda ilinunua nini?

Jibu moja liko mbali na ziwa, ufukweni mwa Unguja, katika kasri la Mtoni. Linamhusu mwanamke wa Kiajemi ambaye nguo zake zilitariziwa lulu za kweli tangu juu hadi chini. Lulu zilikuwa nyingi hata zikawa zinadondoka akitembea. Wajakazi walipofagia vyumba na kumrudishia walizookota, binti mfalme hakuzipokea. Aliyeokota alibaki nazo.

Habari hizi tumeachiwa na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Yeye anamwita Mwajemi huyo, mke wa baba yake, Schesade. Katika historia ya Unguja hutajwa pia kama Binti Irich Mirza, mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme aliyeitawala Uajemi kuanzia 1797 hadi 1834. Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, kwa hiyo sehemu kubwa ya anayoyasimulia aliyasikia kwa wakubwa wa kasri, na wakubwa hao hawakumpenda mgeni. Ushahidi wake unafaa upimwe kama pembe ilivyokuwa ikipimwa kwenye forodha: kwanza ubishwe, ugeuzwe, ndipo uwekwe kwenye mizani.

Njia ya frasila

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba wafanyabiashara Waarabu waliufikia mji huu kwa mara ya kwanza mwaka 1840. Ni mwaka huohuo ambao vitabu vingi hutaja kuwa Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Kufikia hapo mtawala huyo alikuwa na mashamba ya mikarafuu, alikuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 alikuwa ameitwaa Mombasa mikononi mwa ukoo wa Mazrui. Wamarekani walileta marobota ya nguo nyeupe ambazo hadi leo tunaziita merikani, wakachukua pembe za ndovu. Katika viwanda vya Connecticut pembe hizo zilikatwa vitana na vibao vya vinanda, na kadiri sebule za watu wa huko zilivyojaa vinanda, ndivyo misafara ilivyozidi kusogea bara.

Ujiji palikuwa mahali ambapo msafara ulikutana na maji. Sokoni kulikuwa na chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, mbuzi na nafaka, na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema, zilikuja pembe, wakaja na watu waliotekwa. Pembe zilifungwa mizigo, zikapandishwa mabegani mwa wapagazi, zikapita Uvinza na Tabora hadi Bagamoyo, ndipo zikavushwa kwa jahazi hadi Unguja. Burton alitumia zaidi ya miezi saba kutoka pwani hadi ziwani. Kila frasila, yaani kama kilo 16, iliyofika forodhani Unguja ililipiwa ushuru, na ushuru huo ulikuwa nguzo mojawapo ya hazina ya Seyyid.

Hakuna daftari linaloonyesha kwamba jino fulani lililopita Ujiji ndilo lililonunua lulu fulani ya Mtoni. Hazina, hata hivyo, ilikuwa moja. Iliyolipia manowari na mikarafuu ndiyo iliyolipia lulu.

Posa za Seyyid

Seyyid Said alijua kupigana, lakini alijua pia kwamba ndoa ni rahisi kuliko vita. Mwaka 1833, akiwa anatafuta askari wa kuipiga Mombasa, alipeleka ujumbe Madagaska kwa Malkia Ranavalona wa Kwanza. Aliomba askari 2,000 na akamposa malkia mwenyewe. Jibu lilikuja la adabu na la kibiashara. Askari angepewa, kuhusu ndoa, desturi za nchi hazikumruhusu malkia kuolewa hivyo, ila yupo binti mmoja wa ukoo wa kifalme anayeweza kufaa. Malkia aliongeza ombi lake: aletewe mkufu wa marijani wa thamani ya dola 1,000. Posa hiyo haikufika popote. Ranavalona alikuwa na kiti chake na nchi yake, na hakuona sababu ya kuhamia kasri la mwanamume mwingine.

Uajemi ilikuwa habari nyingine. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 watawala wa Oman walikuwa wameishika bandari ya Bandar Abbas kwa kuikodi kwa Shah. Bandari hiyo iko mlangoni mwa Ghuba, na aliyeishika alishika ushuru wa meli nyingi. Mkodishaji akiwa na nguvu, mpangaji hupenda kuwa na undugu naye. Kuoa katika ukoo wa Kajar, ukoo wa Shah, kulimpa Seyyid hadhi ambayo fedha peke yake haikuweza kuinunua, tena kulimfanya mwenye nyumba awe mkwe.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Pwani nzima ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Ngazija, watu walikuwa wakijivunia asili ya Shirazi. Katika masimulizi ya Kilwa, mgeni kutoka Uajemi alikipata kisiwa kwa kukizungushia nguo, akaoa binti wa mwenyeji wake, na kizazi chao kikatawala. Kwa karne nyingi Mwajemi alikuwa babu wa hadithi, mtu wa kutajwa kwenye nasaba. Sasa Mwajemi halisi alikuwa ameshuka chomboni: mwanamke, amepanda farasi, na ana watu wake nyuma.

Mtoni kwa mamia ya wanawake

Kasri la Mtoni lilisimama ufukweni, kilomita chache kaskazini ya Mji Mkongwe. Salme anakadiria kwamba watu kama 1,000 waliishi humo. Uani kulikuwa na tausi, paa, mbuni na korongo waliozurura wapendavyo, na watoto wa kifalme walijifunza kupanda farasi na punda mumo humo. Mbele ya nyumba, juu ya bahari, kulikuwa na baraza ya mviringo ambako Seyyid alitembea huku na huku akiwa amezama katika mawazo, au alikunywa kahawa na jamaa zake. Upande mmoja kulikuwa na safu ya mabafu, na mwisho wake bafu kubwa la Kiajemi.

Ndani ya kuta hizo kulisemwa lugha nyingi. Mbele ya Seyyid kilisemwa Kiarabu tu. Alipogeuza mgongo, kila mtu alirudi kwenye ulimi wake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Jikoni nako vyakula vilipikwa vya kila taifa.

Wingi huo wa lugha ulitokana na masuria. Seyyid alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto 36, wanaume 18 na wanawake 18, na kwa hesabu ya Salme masuria 75. Suria alikuwa mtumwa aliyenunuliwa, lakini akimzalia bwana wake mtoto, mtoto huyo alikuwa huru na halali, na mama hakuweza kuuzwa tena. Wana wote waliorithi au kugombea kiti, Thuwaini, Majid, Barghash na wengine, walizaliwa na masuria. Mke wa nikahi, mwenye damu ya kifalme na mahari yake, alikuwa juu yao kwa cheo. Kama hakuzaa, alikuwa chini yao kwa mustakabali.

Schesade hakuzaa.

Alikuja, anasema Salme, na wapanda farasi 150 wa Kiajemi, waliopewa vyumba vya chini ya kasri. Pamoja nao alitoka kuwinda, mchana, jua likiwaka. Huko ndiko alikoikanyaga desturi ya nchi. Wanawake wa Kiarabu wa daraja lake walitoka usiku, wakiwa na barakoa usoni, wakitanguliwa na taa na watumwa. Kumwona mke wa Seyyid akirudi kutoka porini pamoja na wanaume, farasi wametoka jasho, kuliwaacha watu wa Mtoni midomo wazi. Mwenyewe hakuona alichokosa. Kwao, mabinti wa kifalme walilelewa kupanda farasi na kupiga shabaha, na Salme anakiri hivyo, akisema malezi ya wanawake wa Kiajemi yalikuwa ya kishujaa kuliko ya Waarabu.

Lakini kasri lilikuwa na bibi wake tayari.

Huyo alikuwa Azza binti Seif, mke wa nikahi kutoka ukoo wa kifalme wa Oman. Salme hamsifii umbo wala sura: mfupi, hana uzuri wa kutajwa. Naye hakuwa na mtoto. Hata hivyo mamlaka yake juu ya Seyyid yalikuwa makubwa ajabu, na mtawala aliyeamuru manowari alifuata ushauri wake bila kubisha. Kila asubuhi watoto na wajukuu wa Seyyid walikwenda kumsalimia. Aliitwa kwa cheo chake, na hakuna aliyeketi mbele yake. Alipopita uani wote walinyamaza, mkubwa kwa mdogo.

Wanawake hawa wawili walikuwa na msimamo mkali sawasawa, lakini walipita njia tofauti. Azza alizijua kanuni za nyumba na akazitumia kama fimbo. Kila salamu aliyoidai ilikuwa desturi, na asiyeitoa ndiye aliyekuwa mkosaji. Schesade aliishi kana kwamba kanuni hizo zimeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Nguvu yake ilikuwa kwenye vitu alivyokuja navyo, farasi, wapanda farasi na jina la babu yake, na vitu hivyo vilikuwa vya kuigharimu hazina ya Unguja kila siku. Farasi hawakuwa wanyama wa nchi hii. Walikuja kwa meli na wakalishwa kwa gharama. Salme anasema binti huyo karibu aikaushe hazina ya baba yake.

Kidichi

Kama kilomita 11 kutoka mjini, juu ya kilima kati ya mashamba ya mikarafuu na minazi, bado kuna jengo lililobakia kumkumbusha. Ni mabafu ya Kidichi, yaliyojengwa mwaka 1850. Kwa nje ni kuta nyeupe na makuba, mfano wa kaburi la walii. Ndani, kuta zimepambwa kwa lipu iliyochongwa maua, ndege na miti, kazi ya mafundi wa mkono wa Kiajemi. Hapo, kwa maelezo wanayopewa wageni hadi leo, Seyyid na mkewe wa Kiajemi walikuja kukoga na kupumzika baada ya kuwinda au kuzungukia mashamba.

Jengo hili linasema jambo ambalo Salme hakulisema. Mtu hajengi bafu la mapambo kama hayo kwa mwanamke anayemchukia. Kwa muda fulani Seyyid, aliyekuwa mkali wa kuhesabu fedha, alijaribu kumfanya mgeni wake ajisikie nyumbani. Mtoni tayari kulikuwa na bafu la Kiajemi. Kidichi ilikuwa mbali na Azza, mbali na salamu za asubuhi, mahali ambapo farasi wangeweza kupanda kilima bila macho ya madirisha mia.

Ndege waliochongwa ukutani wanastahili neno moja. Uislamu wa Waarabu wa Oman, ambao ni Waibadhi, haukupenda mapambo ya sanamu, na nyumba zao Unguja hazikuwa nayo. Mafundi wa Kidichi walichonga kama walivyochonga kwao, nao walilipwa na Muibadhi.

Ndoa haikudumu. Salme anadai kwamba Schesade aliolewa kwa ajili ya cheo na mali, na moyo wake ulikuwa kwa mwingine. Siku moja Schesade alipokuwa anarudi kutoka matembezi yake, Seyyid alishikwa na hasira akamwendea kumuua. Mtumishi mmoja mwaminifu aliudaka mkono wa bwana wake. Baada ya hapo palibaki talaka tu, na binti mfalme akarudi kwao.

Kisha Salme anaongeza tukio la mwisho. Baadaye, Seyyid alipokuwa vitani na Waajemi kwa ajili ya Bandar Abbas, ilisemekana kwamba mwanamke alionekana mstari wa mbele wa jeshi la Uajemi, akiwalenga shabaha jamaa za mume wake wa zamani. Ni uvumi wa kasri, na ni mzuri mno kusimulika. Jambo lenye uhakika ni kwamba mwaka 1854 Waajemi waliitwaa Bandar Abbas, na mwaka 1856 Seyyid alilazimika kuikodi upya kwa masharti mazito. Undugu ulikuwa umevunjika, na mwenye nyumba akapandisha kodi.

Karunde, na bibi ambaye hakuwapo

Njia iliyotoka Unguja kwenda Ujiji nayo ilijengwa kwa ndoa. Muhammad bin Juma, mfanyabiashara wa Unguja, alipokaa Tabora alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mwanawe kwa mke mwingine, Hamed bin Muhammed, ndiye ambaye dunia ilimwita Tippu Tip, na katika wasifu wake alioandika kwa Kiswahili anaeleza jinsi ndoa hiyo ilivyompa baba yake nafasi katika nchi.

Ndoa ya Karunde ilikuwa kinyume cha ya Mwajemi. Alitoka ikulu, neno ambalo Kiswahili kililipata kwa watu wa bara wa upande huo, akaingia nyumba ya mfanyabiashara wa pwani. Lakini hakuhama nchi. Mgeni alikuwa mume. Ndugu zake, walinzi wa baba yake na makaburi ya mababu vilikuwa mwendo mfupi, na mume aliyemuudhi aliuudhi mlango wa soko lake. Fundikira alipofariki na Mnywa Sere akarithi na kuwatoza Waarabu kodi ya bidhaa, siasa za Unyanyembe zikageuka vita mwaka 1860, wafanyabiashara wakamsimika Mkasiwa, na Mnywa Sere akapigana msituni hadi alipouawa mwaka 1865. Hapo ilionekana wazi wakwe walikuwa na thamani gani Tabora: waliokuwa na undugu katika ukoo wa watemi walikuwa na la kusema juu ya nani atawale.

Tippu Tip aliyaelewa haya kuliko baba yake. Kijana huyo alipofika Ujiji safari ya kwanza alikuta bei ya pembe iko juu, akavuka ziwa kutafuta za rahisi. Miaka ya mwanzo ya 1870, akiwa ndani kabisa ya Kongo, alifika kwa mtemi mzee wa Utetera, Kasongo Rushie. Alikuwa amekwisha dodosa habari za ukoo huo, akasikia kwamba zamani mabinti wa kifalme walitekwa vitani wakapelekwa mbali. Basi akajieleza: mmoja wa mabinti wale ndiye bibi yake mzaa mama. Mzee aliamini, au aliona ni busara kuamini. Akamkabidhi mgeni mamlaka, na pembe za nchi zikaanza kuletwa kwake.

Tippu Tip mwenyewe anasimulia hila hiyo bila aibu. Bibi wa kubuni, ambaye hakuwahi kuolewa wala kuvaa lulu, alimpatia nchi nzima. Na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka kwa njia ileile, ng'ambo ya ziwa hadi Ujiji.

Bi harusi wa Hamburg

Turudi kwa shahidi wetu. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Kwa kaka yake Majid alijifunza kupanda farasi na kupiga shabaha. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, kalamu yake ndiyo iliyoandika barua za njama ya Barghash dhidi ya Majid huyohuyo. Mtoto aliyesikia hadithi za Schesade kama onyo hakuonyeka.

Mjini alikuwa jirani na Heinrich Ruete, Mjerumani wa kampuni ya Hansing. Walizungumza Kiswahili. Mwaka 1866 alipata mimba, na usiku wa tarehe 24 Agosti, wakati wanawake wamekwenda pwani kwa sherehe za siku ya mwaka, alipanda manowari ya Kiingereza Highflyer akaenda Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa Emily na akaolewa siku hiyohiyo. Mwezi uliofuata alikuwa Hamburg.

Sasa ndiye aliyekuwa mgeni katika nyumba ya watu. Lugha hakuijua, baridi ilimtesa, milango ilikuwa imefungwa muda wote, na nguo za kike zilimbana. Watu walimkodolea macho kama watu wa Mtoni walivyomkodolea Mwajemi. Alikuwa na mume aliyemweleza mambo kwa Kiswahili, hadi Agosti 1870, Heinrich alipofariki baada ya ajali ya tramu. Salme alibaki mjane kabla ya kutimiza miaka 26, na watoto watatu wadogo. Alihama mji hadi mji, akafundisha Kiarabu ili apate riziki, na hakuacha kudai urithi wake Unguja. Barghash, ambaye aliwahi kumtumia kama karani, sasa alikuwa Sultani na hakutaka kumsikia. Alipozuru London mwaka 1875, Salme alisafiri kwenda kuonana naye, lakini Waingereza walimzuia.

Kurasa za Schesade zilitoka mikononi mwa mwanamke huyu. Salme anashutumu ubadhirifu, anashutumu matembezi ya mchana, anashutumu moyo uliokuwa kwingine. Anatumia maneno ya watu wazima wa kasri. Kisha, anapofika kwenye farasi na bunduki, sauti inabadilika, na shutuma zinasahauliwa kwa sentensi mbili tatu. Aliyeandika naye alikuwa ametoroka kwa ajili ya moyo wake, na alikuwa anajua nyumba ya ugenini ina harufu gani.

Agosti 1885

Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Carl Peters alikusanya mikataba Usagara na nchi za jirani, na Ujerumani ikatangaza himaya. Barghash alipinga. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na ndani ya wiki moja alikubali. Katika meli nyingine ya msafara huo, Adler, alikuwamo Salme na watoto wake.

Bismarck alikuwa amemchukua kama akiba. Dada wa Sultani aliyeolewa na Mjerumani, mwenye mwana wa kiume na madai ya urithi, alikuwa sababu nzuri ya kugombana kama sababu nyingine zingekosekana. Ni hesabu ya Tippu Tip kule Utetera, imefanywa na kansela: mtafute mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyepelekwa mbali, kisha ingia nchini kwa jina lake. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa hai, alikuwa na kalamu, na alitaka haki yake kweli. Salme alishuka, akatembea mitaani, na watu wakamfuata kwa salamu za Kiswahili na Kiarabu. Barghash hakumpokea. Ujerumani ilipopata mikataba yake, madai ya binti huyo hayakuwa na haraka tena kwa mtu.

Ujiji ulikuwa katika hesabu hiyo bila kuulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Barghash alikuwa amemtambua Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima aliyetajirika kwa biashara ya ziwani, kuwa mwakilishi wake huko, na bendera nyekundu ya Unguja ikapepea kando ya maji. Mwinyi Kheri alifariki mwaka 1885. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba upande wa bara Sultani ana ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Ujiji uko mamia ya maili zaidi ya hapo.

Mwaka huohuo, 1886, kitabu cha Salme kilitoka. Baba yake yumo, Azza yumo na salamu zake za asubuhi, na Mwajemi yumo na wapanda farasi wake 150. Alipofariki Jena tarehe 29 Februari 1924, kati ya vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Unguja. Wajakazi waliokuwa wakifagia vyumba vya Mtoni nao wamo kitabuni, wameinama, wanaokota lulu zilizodondoka. Salme hakuwaandika majina, wala nchi walizotoka.